Niliuziwa Betri Guni

Mwezi uliopita nilifunga safari kwenda Sotik kumjulia hali mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, aliyeolewa huko na mwalimu wa skuli. Si safari ndogo kwa mtu wa makamo yangu. Nilipanda gari-moshi Mombasa hadi Nairobi, nikalala, na asubuhi nikaingia matatu iliyoteremka Mai Mahiu, ikakata Narok, ikapita Bomet, na alasiri ikanitua Sotik huku manyunyu yakianguka na baridi ikinipenya kanzu kana kwamba sikuvaa kitu. Mkobani, pamoja na halua na kahawa ya kusaga, nilikuwa na kitu kimoja ambacho mjukuu wangu, mtoto wa huyo mpwa wangu, alikuwa akikingoja tangu Idi: betri ya kigari chake cha rimoti.

Kigari chenyewe nilimpelekea mimi mwaka jana. Ni mfano wa magari ya Safari Rally, yale mashindano yaliyoanza 1953 ambayo sisi utotoni tuliyafuata kwa redio na ambayo 2021 yalirejeshwa katika kundi la ubingwa wa dunia. Ni chekundu, kimo chake hakizidi kiatu, kina magurudumu ya mpira yenye meno, na ukibonyeza rimoti hutoka kama panya aliyemwona paka. Kilikwenda vyema miezi kadhaa, halafu betri ikafa. Tangu hapo kila Ijumaa baada ya swala simu yangu hulia, na nikipokea ni sauti ile ile: "Babu, umepata?"

Basi nikaenda duka moja mjini kwetu, la mtu ninayemjua na ambaye si mara moja tumesimama safu moja msikitini. Akaniteremshia betri mbili zilizofanana plagi. Moja iliandikwa 1500 na bei yake shilingi mia tisa. Ya pili iliandikwa 9800, na bei yake shilingi mia sita. Ndugu msomaji, hebu niambie, wewe ungechukua ipi? Mimi nilichukua hiyo ya elfu tisa na mia nane, tena nikatoka dukani nikijiona mjanja.

Usiku ule mjukuu wangu aliitia chaji, akailaza kando ya mto wake ndani ya chandarua, akalala nayo. Asubuhi tukatoka uani sote, mpwa wangu na chai yake mkononi, majirani wawili watatu na watoto wao. Kigari kikaenda. Kikazunguka mti wa parachichi mara moja, mara ya pili, kikapanda kilima cha udongo, kikaanza kusuasua, kikasimama. Dakika sita hazikutimia. Mtoto hakulia. Alikiokota kigari, akaniangalia, akasema, "Labda ni baridi ya huku, babu." Maneno yale ya kunisitiri yaliniuma kuliko kama angalilia.

Baba yake ndiye aliyetupeleka kwa fundi. Kibanda chake kiko karibu na stendi ya matatu, mabati matupu, na ndani yake simu zilizopasuliwa, tochi, redio, na mawe ya redio yaliyokwisha yakiwa yamepangwa kama ushanga. Fundi ni kijana wa Kikipsigis, hajafika miaka thelathini. Akatuamkia, "Chamgei, mzee," akaipokea betri, na kabla ya kuitazama maandishi akairusha kidogo kiganjani mara mbili, kama mwanamke wa sokoni anavyolipima embe. "Mzee," akasema, "hii ni nyepesi."

Nikamwambia imeandikwa 9800. Akacheka, lakini kwa adabu.

Jirani yake ana duka la mbegu na dawa za ng'ombe, na humo mna mizani ndogo ya tarakimu ya kupimia mbegu za mboga. Kijana akaibambua ile karatasi ya plastiki iliyoifunika betri, zikatokea seli mbili za mviringo, kila moja unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ndiyo maana huitwa 18650, na ndizo zilizomo katika tochi, katika taa za jua, na katika laptopu nyingi za zamani, zile kompyuta za kupakata. Akaiweka moja juu ya mizani: gramu 29. Kisha akatoa kibwetani mwake seli nyingine ya kipimo hicho hicho, iliyotoka katika laptopu iliyokufa, akaiweka: gramu 46. "Seli ya kweli ya saizi hii huwa karibu na gramu arubaini na tano," akasema. "Umeme haukai hewani, mzee, unakaa ndani ya vitu, na vitu vina uzito. Hata kampuni kubwa kabisa, seli yao ya saizi hii haipiti sana 3500. Mtu akikuandikia 9800, usiulize bei. Ondoka."

Hapo nilikumbuka mambo mawili kwa pamoja.

La kwanza ni la ushairi. Sisi washairi husema shairi la tarbia lina mizani kumi na sita katika kila mshororo, nane za ukwapi na nane za utao. Mtu akileta shairi, hata liwe na maneno matamu vipi, mshororo ukipunguka mizani moja tunaliita guni, na guni haliimbiki: mwimbaji akifika pale penye pengo sauti humkwama. Kigari cha mjukuu wangu kilikwama vivyo hivyo pale kwenye kilima cha udongo. Nilinunua betri guni.

La pili ni la chuoni. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, alipotufikisha katika Suratul Mutaffifin hakutufasiria kwa maneno tu. Alileta pishi ya mbao kutoka duka la jirani, akatuonyesha jinsi mwenye hila anavyoweza kubandika nta ndani, chini kabisa, ili mnunuzi aone pishi imejaa mpaka juu naye ameondoka na vibaba vitatu badala ya vinne. Sura hiyo ni ya 83 katika Msahafu na imeanza kwa onyo juu ya watu wa aina hiyo, wanaojipimia kamili na kuwapunja wenzao. Tulikuwa watoto, tukadhani ni mambo ya wauza mchele. Sikudhani nitaikuta nta ya pishi ndani ya betri, katika nchi ya chai, mwendo wa siku mbili kutoka kwetu.

Na hakika nchi ya chai ndiyo mahali pa kuyaona hayo, maana mizani huko ndiyo maisha. Asubuhi ile ile, njiani kwenda kwa fundi, tuliwapita wanawake na vikapu vya majani mabichi mgongoni wakielekea kituo cha kupimia. Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi, siku nzima, katika baridi na umande, na yote hayo huishia katika tarakimu moja karani anapotundika mfuko. Chai hiyo ikishakaushwa kiwandani huteremshwa hadi kwetu Mombasa kupigwa mnada, nasi huyaona magunia tu. Mama yake yule fundi ana chai yake. Kijana akanieleza kwamba mama hatoki nyumbani mpaka ameitundika mifuko yake kwenye mizani ya springi iliyo jikoni. "Si kwamba anamshuku mtu," akasema. "Anataka kujua alichobeba." Nikafahamu kiganja chake kilisomea wapi.

Lakini mizani ya mbegu haikumtosha. Ana kifaa kidogo chenye kioo, ambacho huijaza seli mpaka ifike volti 4.2, kisha huinyonya polepole huku kikihesabu kilichotoka. Akaitia ile seli yangu, tukaiacha, tukaenda kuswali na kula. Tuliporudi alasiri kioo kilisoma 640. Yaani kwa kila sehemu kumi na tano nilizolipia sikupata hata moja kamili.

Hizo namba watu wengi hawajui ni za nini, na muuzaji anajua kwamba hatujui. Hiyo 1500 au 2000 ni miliampea-saa. Betri ya 2000 yaweza kutoa ampea moja kwa muda wa saa mbili, au ampea mbili kwa saa moja, au ampea nne kwa nusu saa. Kigari kama cha mjukuu wangu kikikimbia hula kama ampea nne, kwa hiyo mtu yeyote aliyekwenda skuli anaweza kupiga hesabu kabla ya kutoa pesa. Volti ni jambo jingine. Seli moja ya lithiamu huhesabiwa volti 3.7, ikijaa huwa 4.2. Mbili zikifuatana, mkia wa moja kwa kichwa cha nyingine, ni 7.4. Ukizifuatanisha hivyo volti hujumlika lakini miliampea-saa hubaki zile zile za seli moja. Ukitaka hizo ziongezeke huna budi kuzilaza sambamba, kichwa kwa kichwa. Basi mtu anayekuuzia seli mbili zilizofuatana na kukwambia amejumlisha namba zake, huyo amekudanganya mara ya pili.

Tena, volti lazima zifuate kigari. Kama kimeandikwa 7.4 usikitie 11.1 ya seli tatu ukidhani utakipa mbio. Utakipa mbio siku moja, siku ya pili utanusa mota inaungua.

Fundi akaniuliza kama nataka seli mpya za kuagiza Nairobi, barabara ya Luthuli, au za laptopu alizokwisha kuzipima. Nikamwuliza yeye angemwekea mwanawe zipi. Akasema kwa kigari hiki kidogo za laptopu zatosha, ila zichaguliwe. Betri ya laptopu mara nyingi ina seli sita, nayo hutupwa yote kwa sababu ya moja au mbili zilizokufa. Yeye huzitenganisha. Iliyoshuka chini ya volti mbili na kukaa hivyo haiamshi, huitupa. Inayopata moto ikitiwa chaji huitupa. Zilizobaki huzijaza, huziandika tarehe kwa kalamu, huziweka wiki nzima, kisha huzipima tena. Iliyopoteza volti bila kutumika huitupa pia. Ndipo huzioanisha: mbili za nguvu moja, kwa kuwa dhaifu ikifungwa na yenye nguvu hukwisha kwanza, na mwenziwe huendelea kuikamua mpaka aiharibu. Nilimwambia ndoa nyingi ziko hivyo. Mume wa mpwa wangu hakucheka.

Alipokuwa akifanya kazi nikawa nafikiri safari ya kitu chenyewe. Betri za lithiamu za kutiwa chaji ziliingia sokoni 1991, zikiuzwa na Sony ya Japani, na 2019 watu watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, wakagawana Tuzo ya Nobel ya kemia kwa ajili yake. Goodenough alikuwa na miaka 97 siku hiyo. Lakini kobalti inayotiwa katika nyingi ya betri hizo, zaidi ya nusu yake duniani huchimbwa Kongo, upande wa Kolwezi, na lithiamu nyingi imelala Manono, nako pia ni Kongo, na kote huko watu huuziana na kuapizana kwa Kiswahili. Yawezekana mchimbaji wa Kolwezi na mchuma chai wa Sotik hawatajuana kamwe, na yawezekana hata huyo wa Kolwezi mzigo wake ulipimwa na mtu mwingine.

Turudi kibandani. Seli hazitiwi lehemu moja kwa moja, kwa maana joto la chuma cha lehemu hupenya na kuzidhuru. Kijana ana mashine ndogo ya kuchomea utepe wa nikeli: hugusa, hulia tap, utepe umeshika. Waya ndizo alizozitia lehemu, juu ya utepe. Kisha akafunga kibao cha ulinzi, kipande kisichozidi ukucha wa dole gumba, ambacho hukata umeme seli zikishuka kupita kiasi na hukata zikijazwa kupita kiasi. Betri yangu ya shilingi mia sita haikuwa na kibao hicho. Vigari vingi vya watoto havina akili ya kujizima betri ikiisha, na seli ya lithiamu ikinyonywa chini ya volti tatu kila mara, au hata chini zaidi, hufa mapema, na ikitiwa chaji baadaye yaweza kuwa hatari. Kwa hiyo ukinunua betri iliyo tayari, uliza habari ya kibao kabla ya kuuliza rangi.

Akaja kwenye plagi. Mimi nilitaka aunge nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi tuondoke. Akakataa. Akashika mita, akapima kwanza upande wa kigari na upande wa betri. Alikwisha kuletewa betri, akasema, ambayo nyekundu yake ilikuwa hasi na nyeusi ndiyo chanya, na mwenye kigari alipoichomeka tu kibao kinachoendesha mota kikatoa moshi. Rangi ya waya si ushahidi. Alipozikata zile waya kuukuu alikata moja, akaifunika kwa utepe, ndipo akakata ya pili. Mkasi ukizikata zote mbili kwa pamoja hupiga shoti, na akanionyesha alama nyeusi juu ya meza yake palipotokea jambo hilo mwaka wa kwanza wa kazi.

Betri ikalala katika shimo lake bila kusukumwa. Hilo nalo alilishikilia: ikiwa haiingii, usiilazimishe wala usiikwangue, ikiwa inacheza, ikaze kwa kipande cha sponji, na waya zipitishwe mbali na meno ya gia.

Kwa wasomaji wenye vijana waliokwisha kupita vigari vya dukani wakawa na yale magari makubwa ya mashindano, fundi alisema seli za laptopu hazifai humo, kwa sababu mota zake hudai ampea makumi kwa mara moja. Hayo hutaka betri za mfuko laini ambazo mafundi huziita lipo, na kwa gari inayopiga mawe ni bora zilizovikwa ganda gumu. Hizo zina herufi C. Betri ya 5000 yenye 20C yadai kutoa ampea mia moja. Nayo hiyo C, akasema, ndiyo mahali pengine pa kubandika nta, kwa hiyo chukua yenye uwezo uliozidi haja yako, na uzito wake uulinganishe na zenzake za kipimo hicho. Chaja yake iwe ya lithiamu yenye kuzisawazisha seli kupitia ile plagi ndogo nyeupe. Chaja ya betri za zamani za nikeli usiiguse. Gari ikikaa wiki nyingi bila kuchezwa, iache betri kwenye volti 3.8 hivi kwa seli, isijae wala isiishe. Kwetu pwani naongeza mimi: isiachwe ndani ya gari juani, joto huizeesha upesi kuliko kazi.

Nilipomweleza kwamba mtoto alilala nayo ikiwa katika chaji, kijana aliacha alichokuwa akifanya. Alimwita mjukuu wangu akamkalisha juu ya kreti la soda, akasema naye kwa Kikipsigis, nami sikufahamu neno, lakini nilimwona mtoto akiitazama ile alama nyeusi ya mezani. Kisha akanigeukia. Seli ya lithiamu ikishika moto haizimiki kwa kupuliziwa, moto wake watoka ndani yake mwenyewe, na chandarua na godoro ni kuni. Itiwe chaji mchana, mtu yupo, juu ya saruji au sinia la bati, mbali na mkeka na pazia. Ikivimba imekwisha: haitobolewi, haitupwi jaani wala motoni. Yeye ana debe la rangi lenye mchanga ambamo huweka zilizokufa, na likijaa hulipeleka Nairobi kwa wanaokusanya taka za umeme. Betri yangu akataka kuitia humo. Nikamwomba anirudishie seli moja, ile ya 640. Akaiziba ncha zote mbili kwa utepe, akanipa.

Alitaka shilingi mia nane: seli mbili za laptopu, kila moja ikiwa imepimwa na kuandikwa 2000 na kitu kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na kibao, plagi na kazi. Jioni kigari kilizunguka ule mti wa parachichi mpaka mpwa wangu akatuita kula, mtoto akitazama saa. Dakika ishirini na tano. "Haikuwa baridi, babu," akaniambia.

Niliporudi Mombasa nilikwenda dukani siku ya pili. Sikwenda kugomba. Nilimwamkia mwenyewe, nikamwekea ile seli mezani, nikamsimulia. Akaapa kwamba yeye hununua katoni kwa mwenye jumla, huuza kilichoandikwa, na hana kifaa cha kupimia ndani. Nikamwambia kifaa anacho sonara wa mlango wa pili. Tukaenda. Seli ikasoma gramu 29. Sonara akauliza ni kitu gani, tusimjibu. Mwenye duka akanirudishia shilingi mia sita zangu bila neno, akachukua ile seli akasema atamwonyesha mwenye jumla, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama nimekwisha kumweleza mtu msikitini.

Ijumaa iliyofuata nilipita. Katoni ya zile 9800 haikuwapo tena dirishani. Sikumwuliza imekwenda wapi.